Jeti Hula Hewa ya Chumba: Tuliyojifunza Tukipima Msukosuko Mombasa

Washa kijiti cha udi, ukisogeze kando ya hewa inayotoka kwenye nozeli. Usikiweke mbele yake, kiweke ubavuni, kama shubiri moja kutoka katikati. Moshi hausukumwi nje. Unapanda kidogo, unasita, kisha unainama kuelekea kwenye jeti na kunyakuliwa mara moja. (Jeti hapa ni hewa inayotoka kwa kasi kwenye tundu na kuingia katika hewa iliyotulia, ndege za uwanja wa Moi hazimo katika habari hii.) Karibu makosa yote tuliyoyaona katika vipimo vya aina hii yalianzia hapo: mpimaji alikazana na kinachotoka, akasahau kinachoingia.

Kinachoingia si kidogo. Ricou na Spalding walikipima moja kwa moja mwaka 1961. Waliizungushia jeti ukuta wenye vinyweleo, wakapitisha hewa kwenye ukuta huo mpaka shinikizo la ndani likawa sawa kotekote, na kiasi walicholazimika kuingiza ndicho jeti ilichokuwa ikikivuta. Walipata kwamba ukishapita sehemu za karibu na mdomo, hewa inayosafiri ndani ya jeti ni ile iliyotoka, mara 0.32, mara umbali uliohesabiwa kwa vipenyo vya nozeli. Chukua nozeli ya milimita 40 na kasi ya mdomoni ya mita 20 kwa sekunde. Zinatoka lita 25 kila sekunde. Ukifika kwenye vipenyo 30, yaani mita 1.2 tu mbele, zinapita lita 240. Lita 215 kati ya hizo ni za chumba. Chumba cha mita 5 kwa 4, dari mita 3, kina lita 60,000, kwa hiyo kijeti hiki kinaweza kukimeza chumba kizima kwa dakika nne na kitu.

Basi kila kilichomo chumbani huingia kwenye kipimo: joto, unyevu, vumbi, upepo wa bahari unaopenya dirishani, na pumzi ya pangaboi.

Mtambo wenyewe si wa ajabu. Paipu ya PVC ya milimita 160, ambayo kwa ndani huwa 150 hivi, urefu wa mita moja na nusu. Nyuma yake feni ya kupuliza. Kati ya feni na paipu weka kipande cha turubai au mpira laini, kwa sababu ukiifunga feni kwa bolti moja kwa moja, mtikisiko wa mota utafika kwenye nozeli na baadaye utaudhania msukosuko wa hewa, yaani kupandashuka kwa kasi yake. Ndani ya paipu panga mirija ya soda ya milimita 6, iliyokatwa kwa urefu wa milimita 60, ikae kama sega la nyuki; inaingia 500 na ushei. Kazi yake ni kuua mzunguko ambao mapanga ya feni huipa hewa. Urefu wa mara 8 mpaka 10 ya upana wa mrija unatosha, zaidi ya hapo ni kuongeza msuguano bure. Mirija ya karatasi haifai pwani: hunywa unyevu, hulegea, na ukija kuchungulia wiki ya tatu sega limelala upande mmoja.

Baada ya sega zinafuata nyavu tatu za dirishani, zile za kuzuia mbu, zikiachana sentimita 5. Hapa pana mtego. Mtu hudhani wavu uliobana zaidi ndio unaolainisha zaidi. Kumbe wavu ukibana kupita kiasi unaigeuza hewa kuwa vijeti vingi vidogo vinavyogandana ovyo, na kasi ya mdomoni inakosa usawa. Sehemu iliyo wazi isipungue asilimia 57 ya eneo lote. Hesabu matundu ndani ya inchi moja, pima unene wa uzi kwa maikromita: wavu wa matundu 17 kwa inchi wenye uzi wa milimita 0.28 una uwazi wa asilimia 66, huo unafaa. Zioshe nyavu mara kwa mara, kwani vumbi la wiki chache linatosha kuupunguza uwazi huo bila mtu kujua.

Nozeli tumezitumia za mbao, za alumini na za fiberglasi. Fundi wa kukereza atakupa ya mbao iliyo laini ajabu na kwa bei nzuri. Tatizo ni kwamba mbao huvimba kwa unyevu, na huvimba zaidi kukatisha nyuzi kuliko kuzifuata, hivyo duara la Januari si duara la Mei. Pima kipenyo kwa kalipa pande nne kila unapoanza kazi. Tofauti ya milimita 0.4 kwenye 40 ni asilimia 1 ya kipenyo, ambayo ni asilimia 2 ya eneo, na itakusumbua kwenye hesabu ya mwisho. Iliyotutuliza ni fiberglasi ileile wanayozibia boti, ikimwagwa juu ya kalibu ya mbao iliyopakwa nta, kisha mdomo ukasuguliwa kwa msasa mpaka kingo iwe nyembamba na kali. Kutoka paipu ya 150 hadi mdomo wa 40 eneo linapungua mara 14. Hewa inayotembea polepole ndani, mita 1.4 kwa sekunde, inabanwa hadi 20, na kasoro zake zinafifia njiani.

Kabla tu ya nozeli toboa tundu la milimita 1 kwenye ukuta wa paipu, usafishe ukingo wake wa ndani, uunganishe mpira wa manomita, yaani bomba la maji la kupimia shinikizo. Usilihamishe tena. Kasi ya mdomoni unaipata hapo: mita 20 kwa sekunde ni paskali 230, sawa na milimita 23 na nusu za maji. Volti za ukutani hazikai 240 siku nzima, na feni ya kawaida hufuata volti. Kila kipimo unachochukua mbele ya jeti kigawe kwa kasi ya mdomoni iliyosomwa dakika hiyohiyo, usikigawe kwa ile uliyoiandika asubuhi. Ukifanya hivyo, stima ikicheza kidogo haikuharibii kitu.

Na uzito wa hewa. Vitabu hutoa kilo 1.225 kwa mita ya ujazo, ambayo ni ya hewa kavu ya nyuzi 15. Kwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida kabisa kisiwani, ni kilo 1.15. Wengi hubisha kwamba hewa yenye mvuke inaweza kuwa nyepesi, kwa kuwa mwili unaihisi nzito. Lakini molekuli ya maji ina uzito wa 18 na ya hewa wastani wa 29, na moja inapoingia nyingine inampisha. Ukitumia 1.225 kasi zako zote zitapungua kwa asilimia 3 kabla hujaanza kukosea mambo mengine.

Turudi chumbani. Jambo la kwanza ambalo kila mtu hufanya upepo unapomsumbua ni kuizungushia jeti boksi la plaiwudi. Upepo unakoma, namba zinatulia, watu wanafurahi. Lakini zile lita 240 zinazopita kwenye vipenyo 30 lazima zirudi nyuma ili zivutwe tena, na kama boksi lina upana na kimo cha mita moja, zinarudi kwa kasi ya mita 0.24 kwa sekunde. Katikati, ambako jeti ina mita 4 kwa sekunde, hilo ni asilimia 6. Kwenye kingo, ambako jeti yenyewe ina mita 0.4 au 0.5, ni nusu ya kasi, tena inaelekea kinyume. Boksi limetengeneza jeti ya aina nyingine, iliyotulia vizuri na isiyo sahihi. Mwaka 1994 Hussein, Capp na George walipima jeti katika ukumbi mkubwa, wakapata matokeo yaliyotofautiana sana na baadhi ya vipimo maarufu vya zamani, na sababu waliyoitoa ni hiyohiyo: kumbi za awali zilikuwa ndogo, hewa ikazunguka ndani yake.

Suluhisho lililotufaa ni chandarua. Vyandarua viwili vya kawaida, vikining'inizwa mita moja na nusu kutoka jeti kila upande, vinavunja upepo lakini vinaruhusu hewa kupita. Jeti inavuta inachotaka, na dhoruba ya ghafla kutoka dirishani inafika ikiwa imechoka. Pangaboi lizimwe, eisi izimwe, mlango ufungwe, na msomaji wa manomita akae. Mtu mmoja akipita nyuma ya chandarua utamwona kwenye rekodi.

Saa nazo zina maana. Mchana upepo wa bahari ukishashika, hakuna chandarua kitakachokuokoa kwenye chumba chenye madirisha ya mbao yenye nyufa kila mahali. Kazi nzuri hufanyika kati ya saa kumi alfajiri na saa mbili asubuhi, na kaskazi ikikaza hata hapo kuna siku za kuahirisha.

Kitu cha mwisho cha chumba ni meza. Ukiiweka nozeli sentimita 20 juu ya meza ndefu, upande wa chini unakosa hewa ya kutosha ya kuvuta, shinikizo hapo linashuka, na jeti inainama kuelekea meza mpaka inailamba. Nozeli ikae angalau mita moja kutoka sakafuni, ukutani na mezani. Weka paipu sawa kwa pima maji, kisha utafute mstari wa kati kwa hewa yenyewe. Usitafute mahali pa kasi kubwa kabisa, kwa sababu kilele ni bapa na hakionyeshi vizuri kilipo. Tafuta pande mbili ambapo kasi imeshuka hadi nusu, katikati yao ndiyo katikati ya jeti.

Kwa kusogeza kifaa tunatumia fito ya skrubu ya M8, ambayo kila mzunguko inasogea milimita 1.25. Nati huwa na ulegevu, hivyo fika kwenye kila nukta ukitokea upande uleule. Ukipitiliza, rudi nyuma mizunguko miwili kisha uje upya.

Bomba la Pitot, linalopima kasi kwa shinikizo la hewa inayoligonga mdomoni, si lazima kununua. Sindano ya hospitali ya geji 18, nene milimita 1.27, ikikatwa ncha kwa mraba na kusafishwa, inapima shinikizo la mbele vizuri sana. Upande wa pili wa manomita unaachwa wazi chumbani. Shida yake ni mbili. Ya kwanza ni shinikizo lenyewe kuwa dogo mno ukienda mbali. Mita 4 kwa sekunde ni paskali 9, hata milimita moja ya maji haifiki. Laza bomba la kioo kwa mteremko wa 1 kwa 10, milimita moja inakuwa kumi, na weka tone la sabuni ya vyombo kwenye maji ili yasing'ang'anie kioo. Kwenye mita 1 kwa sekunde hata hivyo unabakiwa na milimita 0.06, na huko Pitot usiiamini. Ya pili ni umande. Hewa ya hapa yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 inatoa maji kwenye kitu chochote chenye nyuzi 26 au chini ya hapo. Vifaa vikilala kwenye chumba cha eisi cha nyuzi 20 na kutolewa nje asubuhi, mvuke unageuka maji ndani ya mpira. Ukiuangalia kwa tochi utaona shanga ya maji imekaa kwenye kona ya chini, ndogo kuliko punje ya mchele, ikicheza mbele na nyuma kidogo kila kasi inapobadilika. Manomita inaonekana hai, inapanda na kushuka, lakini jibu lake si sahihi. Viache vifaa nje saa nzima, puliza mpira kwa pampu ya baiskeli, kisha uanze.

Kasi ya wastani ikishapimwa vizuri, sura yake haina mafumbo. Mpaka vipenyo 4 hadi 6 katikati kunabaki hewa safi ya nozeli yenye kasi ileile. Baada ya hapo kasi ya katikati inashuka kwa uwiano wa umbali: kama 6 ukigawa kwa vipenyo, hivyo kwenye 30 unabaki na moja ya tano. Upana, yaani umbali kutoka katikati hadi pale kasi inapokuwa nusu, unakua sentimita 9 na nusu kwa kila mita. Ukipata 12 au 13, usisherehekee ugunduzi. Rudi kaangalie chandarua.

Muda wa kusubiri kila nukta ndio unaopuuzwa kuliko yote. Kwenye vipenyo 30 kasi ya katikati inapandashuka kwa asilimia 25 hivi ya wastani wake, na mawimbi makubwa yanadumu kama sekunde 0.03. Ukitaka wastani wenye kosa la asilimia 1 unahitaji sampuli 625 zisizotegemeana, kila moja ikichukua mara mbili ya muda huo, na hizo zinapatikana kwa sekunde 37 hivi. Kwenye nusu-upana msukosuko ni mkali zaidi ukilinganisha na kasi ya pale, hivyo unahitaji dakika mbili. Mtu anayesoma kwa sekunde tano kila nukta anachora bahati yake.

Ili kupima msukosuko wenyewe unahitaji waya moto. Ni uzi wa tangsteni wenye unene wa maikromita 5 na urefu wa milimita 1.25, unaopashwa hadi nyuzi 250 hivi. Hewa inaupoza, saketi inaongeza umeme ili joto lisishuke, na umeme huo ndio unaokupa kasi. Uhusiano wake ni ule wa mwanafizikia King wa mwaka 1914: volti zikizidishwa kwa zenyewe ni sawa na A, kujumlisha B mara kasi iliyopandishwa kipeo cha 0.45 au karibu na hapo. A na B unazipata kwa kuuweka waya mdomoni mwa nozeli na kupita kasi 10 hadi 15 unazozijua kwa manomita. Fanya hivyo kabla ya kazi na tena baada ya kazi. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 2, kazi ya katikati itupe, hata kama imekuchukua usiku mzima. Kwa kawaida mkosaji ni joto, kwani nyuzi moja ya chumba inaleta kosa la asilimia 2 hivi, au ni uchafu ulioshika waya. Hewa ya karibu na bahari ina chumvi na vumbi, na unyuzi wa pamba ukinasa kwenye waya unauona tu kwa kioo cha kukuzia. Usiuguse. Chovya ncha kwenye spiriti na uiache ikauke yenyewe.

Waya huu una upofu mmoja: haujui upande. Hewa ikirudi nyuma bado inaupoza, na saketi inaandika kasi ya mbele. Katikati hilo halitokei, lakini kwenye kingo hewa hurudi nyuma mara nyingi, na waya unazihesabu zote kuwa za mbele. Msukosuko wa mahali ukizidi asilimia 30 ya kasi ya mahali hapo, namba za waya uliosimama zichukue kama fununu. Na ukiuchora mgawanyo wa masafa, ondoa kwanza vilele vya uongo: hezi 50 ni umeme wa ukutani, na feni ya mapanga 8 inayozunguka mara 2,800 kwa dakika itasimamisha mnara kwenye hezi 373.

Mpaka hapa tumepima kasi tu, na mchanganyiko si kasi. Anayekoroga chai ya maziwa anajua: kijiko kinavuta nyuzi nyeupe ndani ya rangi ya kahawia, na kwa muda chai imekorogeka lakini haijachanganyika. Jeti nayo inakoroga kwanza, inakunja hewa ya chumba ndani ya hewa ya nozeli, inakunja tena, mpaka mikunjo ya mwisho, ambayo kwenye mtambo huu ina kipimo cha milimita 0.15 hivi, iwe myembamba kiasi cha molekuli kumaliza kazi. Waya wa milimita 1.25 ni mrefu mara nane kuliko mkunjo huo, kwa hiyo midogo kabisa hauioni.

Njia nafuu ya kufuatilia mchanganyiko ni joto. Weka koili kabla ya sega, upashe hewa kwa nyuzi 20 zaidi ya chumba, kisha uipime mbele kwa thamokopo, kipimajoto cha nyaya mbili zilizounganishwa ncha. Kwa lita 25 kwa sekunde unahitaji wati 580, koili ya draya ya nywele inatosha. Joto hutanuka upana zaidi ya kasi, na katikati linashuka kama 5 ukigawa kwa vipenyo, hivyo kwenye 30 zile nyuzi 20 zimebaki 3.3. Sasa fanya hesabu ya pili. Wati 580 zinazomwagwa kwenye chumba chenye kilo 69 za hewa zinakipasha nusu nyuzi kila dakika, kuta zisipopokea sehemu yake. Baada ya dakika sita chumba kinaweza kuwa kimepanda nyuzi 3, sawa na kile ulichokuja kukipima. Thamokopo ya pili lazima ikae kwenye hewa ambayo jeti inaivuta, ubavuni, mita moja kutoka katikati, na tofauti kati ya mbili ndiyo inayoandikwa. Ikiwa mota ya feni iko ndani ya njia ya hewa, hata jeti unayoiita baridi ina joto lake: wati 200 za mota ni nyuzi 7.

Thamokopo yenye kifundo cha nusu milimita huchukua karibu sekunde nzima kuitikia, kwa hiyo inakupa wastani peke yake. Na usishushe kasi ukiwa na joto. Kwa mita 20 hewa ya moto haipati nafasi ya kuelea, lakini kwa mita 5, ukifika vipenyo 30, jeti inakuwa imeshaanza kupanda dari, na mstari wako wa kati hauko tena kwenye fito.

Moshi tunauacha kwa macho tu. Ubani kwenye chetezo unatoa moshi mzito unaopendeza, lakini una utomvu unaonata kwenye nyavu na mirija, na waya moto ukiwa karibu umekwisha. Moshi kwanza au waya kwanza, visikutane siku moja. Chetezo kikae mbali kidogo na mdomo wa feni, moshi upoe njiani. Shusha kasi hadi mita 2 kwa sekunde: pete za hewa kwenye mdomo hutokea takriban 0.3 mara kasi gawa kwa kipenyo, ambayo ni 15 kwa sekunde, na simu inayopiga picha 240 kwa sekunde inakupa picha 16 kwa kila pete. Kwa mita 20 pete ni 150 kwa sekunde na simu haioni kitu. Mwanga upitishe kwenye ufa wa milimita 3 ili ukate jeti kama kisu. Lakini kwa mita 2 namba ya Reynolds (kasi mara kipenyo, gawa kwa mnato wa hewa) ni 5,000, na kwa mita 20 ni 50,000. Kati yao, kwenye 10,000 hadi 20,000 hivi, mchanganyiko hubadilika tabia na vipande vidogo huongezeka ghafla. Tena chembe za moshi hazisambai kama molekuli. Zinaonyesha kukoroga, kuchanganyika hazikuonyeshi.

Hesabu ya kufungia ni ya msukumo. Hakuna kinachoisukuma jeti wala kuizuia baada ya mdomo, kwa hiyo msukumo wake kwenye vipenyo 30 uwe ule wa mdomoni: kilo 1.15, mara 20 kwa 20, mara eneo la nozeli, ni nyutoni 0.58. Igawe jeti katika pete za kufikirika kutoka katikati hadi nje, chukua kasi ya kila pete, izidishe kwa yenyewe, kwa eneo la pete na kwa kilo 1.15, jumlisha. Kwa Pitot tarajia kati ya asilimia 95 na 105 za mdomoni. Ukipata 80, hewa inarudi kutoka ukutani au boksini.

Ukipata 140 au 150, usikimbilie kubomoa mtambo. Pete za nje ni kubwa, na kosa dogo la sifuri linazidishwa kwa eneo lote. Manomita iliyolazwa 1 kwa 10 ikihama nusu milimita tu, hiyo ni paskali nusu, na ukijumlisha mpaka sentimita 30 kutoka katikati umeongeza nyutoni 0.28, karibu nusu ya jeti nzima, kutoka mahali ambapo hewa hata haitembei. Inatosha mtu kuegemeza kiwiko mezani, au maji kupungua kwa joto la mchana. Zima feni, soma sifuri kabla ya kila mpito na baada yake, na pale ambapo kipimo hakitofautiani na sifuri acha kujumlisha, umalizie mkia kwa mchoro wa kengele uliotoshezwa kwenye nukta za ndani. Na usome kwa kalamu ya risasi iliyochongwa, kwa sababu nusu milimita ni unene wa mstari wa kalamu ya wino.